Fisi wa Ngeleja kwenye Kompyuta ya Wilhelmina

Wilhelmina Masalu alikuwa mtu wa kuchambua. Kwao, msimu wa pamba, ndiye aliyekaa na mama yake uani wakitenga pamba safi huku na fifi, ile chafu, kule, na hakuna aliyemzidi. Alipoolewa na Joakim, fundi redio wa Bariadi mjini, aliendelea hivyohivyo na kila kitu: vijiko, misumari, hata majirani.

Miaka ile simu za Kichina zenye spika kubwa zilikuwa zimeingia kila mnada, na kila mwenye simu alitaka nyimbo. Joakim akaenda Mwanza, akarudi na kompyuta kuukuu, akaiweka dukani mbele ya mke wake. Watu wakaleta kaseti zao za ngoma za zamani. Joakim akaunganisha redio kaseti na kompyuta kwa waya, nyimbo zikaingia. Tatizo lilikuwa majina. Kompyuta iliziita zote kwa namba, na mahali pa mwimbaji ikaandika kwa Kiingereza kwamba hajulikani.

"Hajulikani na nani?" Wilhelmina aliuliza kwa hasira. "Huyu si Salu wa Kimali? Nani hamjui Salu?"

Akaanza kuandika. Jina la wimbo, jina la mwimbaji, aina, mwaka. Kwenye aina hakufuata ya watu wa redio. Aliandika kama wateja walivyoomba: Za Kulimia, Za Harusi, Za Kulilia, Za Kutambiana. Sehemu ya mwaka ilimsumbua, kwa sababu wazee walimwambia "mwaka wa nzige" au "mwaka ule wa mvua ya mawe", na kompyuta ilikataa maneno, ilitaka tarakimu tu. Nzige na mvua ya mawe akaviandika kwenye sehemu ya maoni. Joakim alimcheka, lakini alimletea mto wa kukalia.

Kati ya kaseti hizo ilikuwapo moja iliyochakaa sana. Kwenye vispika vya dukani zilisikika ngoma na vigelegele vingi, maneno hayakushikika. Kwa ajili ya vigelegele hivyo Wilhelmina akaandika: Za Harusi.

Wimbo ule ukachukuliwa pamoja na nyingine kwenda Kiloleli, kwenye harusi ya Benedikta, binti wa mzee Ngeleja. Huko walikodi spika ndefu kama milango. Maneno yaliyojificha dukani yakatoka yote, wakati bibi harusi anaingia:

*Ngeleja kakimbia fisi,
kumbe ndama wa mama yake!*

Lilikuwa dongo la zamani. Ngeleja alikuwa manju wa kundi la ngoma la Bagika enzi za ujana wake, na mshindani wake mkubwa, aliyelitunga dongo hilo, alikuwa Mboje wa Ipililo, manju wa kundi hasimu la Bagalu. Walikuwa wakipambana kwa nyimbo baada ya mavuno, umati ukihama toka kwa huyu kwenda kwa yule. Sasa wakwe walikuwa wanacheka mpaka wanafuta machozi, na baba wa bibi harusi amekaa na soda mkononi.

Wiki hiyohiyo alitokea dukani, koti limefungwa vifungo vyote.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Karibu kiti."

"Sikuja kukaa. Wewe ndiye uliyenialikia fisi kwenye harusi ya mwanangu?"

Wilhelmina alielewa polepole, kisha aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akainama, akaomba radhi, akaeleza habari ya vigelegele. "Naufuta sasa hivi, baba, huku unaona mwenyewe."

Mkono ulikuwa tayari umefika kwenye kitufe. Mzee akamzuia.

"Ngoja. Ukiufuta, watu watasema Ngeleja kakimbia tena." Akaitazama kompyuta kwa jicho la kupima ng'ombe. "Hiki kinachukua sauti?"

Joakim akachomeka maikrofoni. Ngeleja akafungua koti, akaketi, akaanza kugonga benchi kwa viganja. Sauti ilikwaruza mwanzoni, halafu ikapata njia:

*Nilikimbia, sikatai;
mgongo wako, Mboje, ndio ulionionyesha njia!*

Waliokuwa nje wakaingia. Mama mmoja akapiga kigelegele, Wilhelmina akakiacha humohumo. Aliandika mwimbaji: Ngeleja; jina: Jibu la Fisi. Kwenye aina akasita.

"Za Kutambiana?" aliuliza.

"Kashfa," mzee alisema. "Andika Kashfa kabisa."

Minza, muuza dagaa aliyezunguka minada yote, akaubeba wimbo ule kwenye simu yake mpaka Ipililo. Haukupita muda mrefu akarudi na kadi ya simu yenye wimbo mpya. Mboje alikuwa amejibu:

*Nilitangulia kumwambia mama yako
abandike maji ya kukuogesha!*

Tangu hapo wazee wale walirudi uwanjani, kila mmoja akiwa kwake. Wilhelmina aliwafungulia fungu lao, akapanga kila jibu chini ya shambulio lake ili anayesikiliza asipotee. Watu walikuja kuuliza kama "limefika jibu jingine". Joakim alipomwambia kuwa anawapenda wale wazee kuliko mume wake, alimjibu, "Na wewe imba, nitakuandika."

Kisha Mboje akanyamaza. Minza alienda Ipililo, akarudi na dagaa tu. Ngeleja akaja dukani, akauliza. Akaja tena, hakuuliza, alikaa tu. Mwisho akaenda mwenyewe Ipililo.

Aliporudi aliingia bila salamu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Wilhelmina akampa maji.

"Kiharusi," alisema. "Upande mmoja wote. Mdomo umekwenda kando. Bintiye, Anna, anamlisha uji." Akanywa, akatua kikombe. "Washa kidude chako."

Wimbo huu ulikuwa wa taratibu. Aliimba jinsi Mboje alivyokuwa akiingia uwanjani vumbi likimpisha, jinsi wanawake wa Bagika wenyewe walivyohamia upande wake, jinsi yeye Ngeleja alivyokuwa akijifunza hatua zake za ngoma kwa siri nyuma ya zizi. Hapakuwa na tusi hata moja. Joakim alijifanya anatafuta bisibisi.

"Huu nauweka aina gani, baba?" Wilhelmina aliuliza kwa upole. "Za Kusifu?"

"Wee! Weka Kashfa. Akisikia nimeanza kumsifu, atadhani ameshakufa."

Akaandika Kashfa. Minza akaupeleka.

Jibu lilipofika, Anna ndiye aliyekuwa amelirekodi. Halikuwa na maneno. Palisikika kuku, kitanda kikilia, kisha kiganja kimoja kikigonga ubao, kizito, kikikosa, kikirudia, mpaka kikashika mdundo wa Bagalu. Mwishoni sauti nene ilijitahidi ikatoa kitu kama kicheko, ikarudi tena kwenye kugonga.

Wilhelmina aliandika mwimbaji: Mboje wa Ipililo. Kwenye jina aliandika: Jibu. Halafu akatuma mtu akamwite Ngeleja.

Mzee aliinamisha kichwa karibu na kispika. Lilipokwisha akaomba lirudiwe, na safari hii vidole vyake vikafuata ule mdundo juu ya goti, taratibu, vikiungoja pale ulipokosa.

"Hapo," alisema, "kaniweza."