Fimbo Moja, Wimbo Mmoja

Shangazi yangu huchomelea mageti kwa fimbo na muziki. Fimbo ni ile ya chuma iliyopakwa unga mgumu, inayoyeyuka kwenye mashine na kuunga vyuma viwili. Muziki ni wake mwenyewe: kanda ya kwanza ya bendi yao, Kutu, anayoipiga kwenye redio yenye vumbi juu ya rafu ya makopo ya rangi. Miaka yote niliyofanya naye kazi, mimi nikipaka rangi anachounga yeye, mambo hayo mawili yamekwenda sambamba. Fimbo ikiwaka wimbo unaanza, wimbo ukiisha fimbo nayo imebaki kipande cha kutupa. "Fimbo moja, wimbo mmoja," husema. "Ukizidi hapo ni hotuba."

Wasiomjua humwona mama mtu mzima, mfupi, aliyevaa aproni ya ngozi iliyotobolewa na cheche, wakauliza fundi yuko wapi. Yeye hushusha ngao ya uso akaendelea na kazi. Mimi ndiye nisiyeweza kuvumilia upumbavu. Huwaambia fundi amekwenda msalani, wasubiri. Wapo waliosubiri mpaka geti lao likaisha mbele ya macho yao.

Dharau hiyohiyo ndiyo iliyozaa bendi. Siku yake ya kwanza kazini, akiwa binti mdogo, mwenye karakana alimwonyesha kiti karibu na mlango, akamwambia akae apokee wateja. Akajibu, "Sitaki kiti, nataka mashine." Jioni akamsimulia kijana wa jirani, mtengeneza mafriji mwenye gitaa la kuazima, mwembamba hata wakamwita Waya. Waya akayarudia maneno yale, akaona yana mdundo. Wakampata wa tatu, mwenye gitaa la besi na sauti ya kukwaruza, ambaye leo anafundisha watu kuendesha magari na anaitwa Honi. Shangazi, waliyempa jina la Cheche, akakabidhiwa ngoma kwa kuwa mikono yake ilishazoea nyundo. "Sitaki Kiti" ukawa wimbo wao wa kwanza, na kichekesho ni kwamba katika bendi nzima ni yeye peke yake anayeupiga akiwa amekaa.

Mwanzoni watu walisema huo si muziki, ni ajali. Mwenye ukumbi mmoja aliwazimia umeme katikati ya onyesho. Honi akaendelea kwa koo lake na shangazi kwa ngoma zake, watu wakapagawa, na kuanzia siku hiyo kanda ikapita mkono kwa mkono mpaka ikachakaa. Redio iliwakataa kwa miaka mingi. Ilipowakubali, iliwaweka kwenye kipindi cha nyimbo za zamani, na shangazi alikasirika kuliko alivyowahi kukasirikia kule kukataliwa. Walikuwa na sheria zao: nyimbo fupi, ukumbi bila viti, na hakuna wa kuziba pengo. Mmoja akitoka, Kutu imekwisha.

Mwaka juzi bega lake la kulia likaanza kulalamika. Kuvaa koti tu ilikuwa vita. Waya, kwa upole wake, akamwambia, "Cheche, usijisumbue kutuhesabia mwendo. Nyimbo nitazifungua mimi kwa gitaa, wewe utadandia." Akakubali. Na ajabu ni kwamba hapo ndipo Kutu ilipopendwa kuliko wakati wowote. Mashabiki wa zamani, sasa wenye mvi na vyeo, walirudi na watoto wao. Viti vikaletwa, kwanza vya wajawazito, kisha vya kila mtu.

Kisha akaja daktari wa meno kuchukua geti lake. Alikuwa shabiki, na alikuwa amerekodi onyesho lao lililopita kwenye simu. Shangazi alikuwa anamalizia bawaba. "Hebu niwekee 'Sitaki Kiti'," akasema, akashusha ngao, akawasha fimbo.

Fimbo ikaisha. Honi alikuwa bado kwenye ubeti wa pili.

Shangazi akainua ngao, akakitazama kile kipande kama mtu aliyepunjwa dukani. "Rudia." Fimbo nyingine, mambo yaleyale. Akafungua pakiti mpya. Ya tatu nayo ikauacha wimbo njiani.

"Wamepunguza mwendo," akasema polepole. "Wamenipunguzia mimi mwendo."

"Lakini sasa maneno yanasikika," nikasema. Nilikuwa nasema kweli. Utoto wangu wote sikujua ubeti wa pili unasema nini.

Daktari naye akadakia, "Haraka haraka haina baraka, mama. Hata magoti yangu yanashukuru."

"Hiyo kawaambie washonaji. Chukua geti lako uende."

Alipoondoka, shangazi alikaa kwenye kreti la soda. Sikuwa nimezoea kumwona amekaa mchana. "Maisha yangu yote nimekataa kuhurumiwa," akasema. "Leo wanaonihurumia ni hao hao niliokataa nao. Onyesho la Jumamosi ndilo langu la mwisho. Nitapiga, halafu natoka."

"Ukitoka bendi inakufa, shangazi."

"Bora ife ikikimbia."

Wiki nzima redio haikuwashwa. Nilipaka rangi nikisikia brashi yangu mwenyewe, na niliogopa. Mume hana, mtoto hana, mimi ni wa kaka yake. Alichokuwa nacho ni chuma na ngoma, na nilijua chuma peke yake hakitamtosha. Nilimchukia Waya kwa wema wake.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Walipiga nyimbo zao, Waya akifungua kila mmoja, shangazi akidandia kwa uso usiosema kitu. Ilipofika zamu ya "Sitaki Kiti", Waya akasogea mbele na gitaa lake, na shangazi akainua vijiti juu.

"Huu nahesabu mimi."

Akahesabu kwa kasi ileile ya kanda. Ngoma zikalipuka, watu wakaruka kutoka vitini, nami nikapiga kelele mpaka koo likauma, maana huyo ndiye shangazi yangu. Bega lilikuwa linamuua, nililiona, lakini hakuchelewa hata pigo moja.

Waliochelewa ni wenzake. Honi alianza kumeza maneno, kwanza moja moja, kisha mistari mizima. Mkono wa kushoto wa Waya ukakakamaa kwenye shingo ya gitaa, akagusa nyuzi zisizohusika. Wimbo ukayumba, ukakatika. Wimbo ambao hata kuzimwa umeme hakukuuzuia ulinyamaza kabla ya nusu. Honi akainama, mikono magotini, na pumzi zake zikasikika kwenye spika ukumbi mzima.

"Mna nini?" shangazi akauliza.

Waya akainua mkono wake. Vidole viwili havikuwa vikikunjika. "Ni vidole, Cheche. Kabla hata ya bega lako."

"Na wewe?"

"Pumzi, dada," Honi akasema. "Siku nyingi."

"Mbona hamkusema?"

Honi ndiye aliyejibu, na maikrofoni ikawapelekea watu wote: "Ulipougua bega, tulimshukuru Mungu. Tusamehe. Lakini tulishukuru."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hawa waliumbuliwa mchana kweupe mbele ya watu waliolipa kiingilio. Shangazi hakucheka. Aliwatazama wale wawili kwa muda, na nilimwona hasira zinampanda, kisha nikaona zinakosa pa kukaa. Hawakuwa wamemhurumia. Walikuwa wamejificha nyuma ya bega lake kwa hofu ileile ya kuwa wa kwanza kutoka.

"Honi," akasema, "pumua."

Akamsubiri. Watu nao wakamsubiri.

"Tayari?"

Honi akatikisa kichwa kukubali. Shangazi akainua vijiti, akahesabu kwa mwendo wa mtu anayemshika mgonjwa mkono kwenye ngazi. Moja. Mbili. Nililia pale pale, sikujificha, na ubeti wa pili niliuimba wote.

Jumatatu nilikuta redio inaimba. Alikuwa ameomba rekodi ya Jumamosi kwa daktari wa meno, ikanakiliwa kwenye kanda, na kwa ajili hiyo akamrekebishia bawaba bure. Alishusha ngao, akawasha fimbo. Ikaisha, Honi akiwa bado anaimba.

"Shangazi," nikamwambia, "fimbo moja, wimbo mmoja."

"Nani alisema?" akauliza, na mkono wake ulikuwa umeshachukua fimbo ya pili.