Karatasi ya Saksofoni

Watu wakimsifu marehemu mume wangu, Nicanor Kagwe, mimi hunyamaza. Piano aliijua, sikatai. Alianzia kinanda cha kanisa huko Ruiru, jeshini akaonja jazi, na kufikia 1954 alikuwa akipiga kila Jumamosi mchana katika hoteli moja ya Thika. Santuri akiisikia mara moja tu, anakaa chini na kuandikia kila mpigaji sehemu yake. Tena hakuandika kwa noti za Wazungu, vile vidoa vya juu ya mistari. Aliandika herufi, d, r, m, yaani do, re, mi, kama walivyofundishwa misheni.

Basi herufi hizo ndizo zilizomponza Gichuru, mpiga saksofoni wake. Emajensi, ile hali ya hatari ya serikali dhidi ya Mau Mau, ilikuwa imepamba moto. Askari walimsimamisha Ruiru, wakampekua, wakaikuta karatasi mfukoni. Ati ni siri za watu wa msituni! Gichuru akawaambia, "Ni wimbo huo. Muulizeni Kagwe, atawapigia."

Wakaja hotelini. Mimi nilikuwa nafanya kazi ya kufua hapo hapo, na siku hiyo nilikuwa nimeleta vitambaa vya meza. Afisa akaiweka karatasi juu ya piano. "Huu mwandiko wako?" akamuuliza mume wangu.

Piano ilikuwa wazi mbele yake, jamani! Angepiga mistari miwili tu, Gichuru arudi kwao. Mume wangu, Baba Wamboi, akaitazama ile karatasi, akasema, "Siujui."

Aliogopa. Mimi pia niliogopa, nikafunga mdomo wangu, na sijajisamehe mpaka leo.

Gichuru alikaa kizuizini miaka minne. Mume wangu naye akapata bendi yake, watu wanatoka Nairobi kuja kumsikiliza, lakini nyumbani chakula hakimshuki. Nilimwambia aende kwa mamake Gichuru akaungame. "Kesho," ananijibu. Kila siku kesho!

Mwaka wa 1958 Gichuru akaja kwetu Mugutha, amekonda, meno ya mbele yote hana. Mpiga saksofoni bila meno, Ngai! Nikamwekea chai.

"Askari walirudi wakaniambia umenikana," akamwambia mume wangu. "Nikajua ni uongo wao, wanataka kunivunja moyo. Imani hiyo ndiyo ilinishikilia kule. Hawakuja kwako, sivyo?"

Nikamkazia macho mume wangu. Sema, mwanamume wewe!

"Hawakuja," akasema.

Gichuru akacheka kwa furaha, akanigeukia. "Unaona, Mama Wamboi? Mimi nilijua."

"Naona," nikamjibu.