Sauti ya Madamu Tensia Ilipokaa Kooni Mwangu

Cheka kwanza. Cheka tumalizane, maana nikianza sitaki kukatizwa. Wajukuu wangu wamecheka, mchungaji amecheka, hata daktari wa meno pale Thika alicheka mpaka akatoa vidole kinywani mwangu. Lakini haya yalinipata mimi, kwa mwili huu huu, miaka ile ya hamsini, na sitaongeza chumvi. Nikiongeza nitakwambia.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Nilifua nguo na kupiga pasi katika nyumba ya Wazungu wawili kwenye shamba la kahawa upande wa Ruiru. Hawakuwa Waingereza, walitoka Italia. Bwana alikuwa fundi wa mashine za kukoboa kahawa, mtu mpole, mikono yake na grisi ni kitu kimoja. Mke wake aliitwa Ortensia. Sisi tuliona jina hilo ni refu bure, tukamwita Madamu Tensia.

Madamu Tensia alikuwa mwimbaji. Usifikirie mwimbaji wa kwaya. Kwao kuna majumba makubwa ambamo watu huvaa vizuri na kukaa kimya, halafu mtu anasimama mbele yao na kuimba hadithi nzima. Anapenda akiimba, anagombana akiimba, hata kufa anakufa akiimba. Opera, ndivyo wanavyoita. Yeye alikuwa na ile sauti ya juu kabisa ya wanawake, na aliimba bila kipaza sauti mpaka aliyekaa kiti cha mwisho akamsikia. Alikuwa ameanza kupata jina. Kisha akaolewa, mume akapata kazi Kenya, na sauti ikapanda meli ikaja kuishi nasi katikati ya kahawa.

Kila asubuhi saa nne aliimba sebuleni. Siku ya kwanza wachumaji walitupa vikapu wakakimbilia nyumbani kwake, wakidhani ameumwa na nyoka. Baadaye wakazoea. Lakini kufika mwaka wa tatu niliona amechoka. Nani alimsikiliza? Mimi na pasi yangu ya makaa, na mbwa. Tena mbwa mwenyewe alikuwa akiondoka.

Kabla ya kuimba alikunywa maziwa ya moto yaliyotiwa asali na kiini cha yai. Basi asubuhi moja saa nne ilifika ikapita, kimya. Nikaingia na nguo nilizokunja, nikamkuta amelala kwenye kiti, machozi yamemkaukia mashavuni. Kikombe kilikuwa mezani, maziwa nusu. Na kile kikombe kilikuwa kinavuma.

Ndiyo, kuvuma. Nilidhani nyuki ameanguka ndani. Nikachungulia, hakuna nyuki. Nikakishika, kikatetemeka mkononi kama kifaranga. Wewe ungefanya nini? Mwenye akili angekirudisha mezani akatoka. Lakini kwetu asali haimwagwi, na mimi nilikuwa nimekunywa chai ya rangi tu tangu alfajiri. Nikanywa yote. Nikalamba na ukingo.

Jioni hiyo mke wa dereva wa trekta alijifungua mtoto wa kiume kule kwenye nyumba za wafanyakazi. Sisi Wakikuyu mtoto wa kiume tunampigia ngemi tano, wa kike tatu. Wanawake wanasimama mlangoni wanapiga hivyo vigelegele kwa hesabu, na aliye mbali anajua amezaliwa nani. Mimi sikuwa napewa nafasi. Sauti yangu ilikuwa mbovu, walisema ni bawaba isiyotiwa mafuta. Lakini siku hiyo wanawake walikuwa wachache, mmoja akaniambia, "Haya, na wewe piga tu, mtoto hatajua."

Nikafungua kinywa, ikatoka sauti ya Madamu Tensia.

Sisemi iliyofanana na yake. Nasema yake yenyewe, pamoja na maneno ya Kiitalia ambayo sikujua hata moja. Ilipanda juu ya paa, ikakaa huko kama imefika kwake, ikateremka polepole. Mtoto alinyamaza. Mkunga akaketi chini bila kuangalia kama kuna kigoda. "Ngai!" akasema. "Huyu ameingiwa na nini?" Nilipofunga kinywa ikakoma. Nilipotaka kuimba tena, ikaja tena.

Sasa nitasema jambo ambalo mchungaji hakulipenda. Nilifurahi. Nilifurahi kupita kiasi! Mimi niliyekuwa nikikanyagwa mguu kanisani ninyamaze, sasa watu ishirini walinifuata mtoni kila jioni wanisikie. Hapo nimeongeza. Walikuwa kama saba. Lakini hao saba walikaa kwenye mawe bila kukohoa, na mimi nikasimama, na ile sauti ikapita ndani yangu, nikajiona mrefu. Umewahi kujiona mrefu? Basi unajua.

Kule nyumbani Madamu Tensia aliamka hana sauti kabisa. Alibaki na pumzi tu, ukitaka kumsikia unasogeza sikio. Daktari alitoka Nairobi, akamtazama koo kwa taa, akasema apumzike. Siku ya nne ikaja barua. Kutakuwa na onyesho la muziki Nairobi baada ya siku kumi, na kiongozi mmoja wa okestra kutoka kwao atapita. Akimsikia na kumpenda, atamrudisha kwenye yale majumba makubwa. Bwana alituelezea jikoni huku akijifuta macho kwa kitambaa cha grisi. Madamu aliiweka barua magotini akalia bila mlio. Mimi nilikuwa pale pale, napiga pasi gauni lake la jukwaani, la zambarau, na nilijua sauti iko wapi. Ilikuwa chini ya kidevu changu.

Je, nilikwenda kusema? Sikwenda. Siku tano sikwenda. Niliogopa, maana ilikuwa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikitusaka Wakikuyu, na mtu wa rangi yangu alifungwa kwa makosa madogo kuliko kumeza sauti ya Mzungu. Lakini nisikudanganye, sababu kubwa ilikuwa nyingine. Nilikuwa naipenda.

Siku ya tano tangu barua ije, jua likiwa linashuka, nilikuwa mtoni naimba. Nikaona wasikilizaji wangu wanainuka mmoja mmoja na kuondoka haraka. Nikageuka. Madamu Tensia alikuwa amesimama kati ya kahawa, nywele zimefumuka, gauni limelowa mpaka magotini. Hakuwa na viatu. Alikuwa amesikia kutoka barazani akaifuata sauti yake kwa miguu, akakata shamba zima. Nikasema moyoni, leo nimekwisha.

Aliweka kidole midomoni. Kisha akanong'ona, "Imba tena."

Nikaimba. Yeye akaketi kwenye udongo mwekundu akafumba macho. Nilipomaliza nikamkuta anacheka, kicheko kisicho na mlio, na machozi yanashuka. "Miaka ishirini mimi naimba," akanong'ona kwa kile Kiswahili chake cha jikoni. "Hata siku moja mimi hapana sikia hii. Mimi iko ndani, sauti nakwenda inje. Watu naambia mimi ni nzuri, mimi hapana amini."

Akaniambia kilichotokea. Asubuhi ile ya kikombe alikuwa amekata tamaa. Alishika kikombe cha maziwa mdomoni na kusema humo ndani, kwa lugha ya kwao, kwamba sauti hii haina kazi hapa, anayeitaka na aichukue.

Hapo ningeweza kumjibu, Madamu, ulisema anayeitaka aichukue, na mimi niliitaka. Neno hilo lilinifika kwenye ulimi, naapa. Halafu nikaitazama miguu yake. Ilikuwa imechanwa na miiba mpaka damu, miguu ya mtu ambaye hakutoka hata barazani bila viatu. Nikaona haya. Nikamwambia, "Madamu, twende Thika kwa cucu yangu. Yeye atajua."

Tulikwenda kesho yake kwa gari lao la mizigo. Aliendesha mwenyewe, kama mtu anayefukuza kuku, na mimi nikashika mlango kwa mikono miwili. Nyanya yangu, huyo cucu, alikuwa amehamishiwa kijiji kilichozungushiwa handaki na serikali, na langoni kuna homgadi, yule mlinzi wa serikali, mwenye bunduki na filimbi. Kwa sababu nilikuwa na Mzungu hakuniuliza kibali cha kusafiri.

Cucu alisikiliza yote huku akimenya viazi. Hakushangaa hata kidogo. "Wewe ni mlafi tangu utoto," akaniambia. "Uliichukua kwa kinywa, utaitoa kwa kinywa. Mtemee mate kifuani umbariki, kama wazee wanavyobariki watoto wao."

"Cucu! Nimtemee Mzungu mate?"

"Kwani yeye hana kifua?"

Nikamweleza Madamu, nikitumaini atakataa. Akafungua kifungo cha juu cha blauzi, akasogea mbele, akafumba macho. Basi nikatema, kidogo, kwa adabu, jinsi wazee wanavyonyunyiza. Madamu akafungua kinywa. Ikatoka pumzi tu.

Cucu akasonya. "Aca, hapana! Hayo ni mate. Hujatoa kitu. Roho yako bado imeishikilia."

Alikuwa amesema kweli. Na kabla sijamjibu nikasikia filimbi. Homgadi alikuwa ameona kutoka langoni, anakuja mbio. "Wewe! Unatemea Mzungu mate? Leo utalala ndani!" Akanikamata mkono akaanza kunivuta. Madamu alitikisa kichwa, akapunga mikono, akajaribu kumzuia, lakini angesema nini na kwa sauti gani? Nilielewa upesi kwamba nikipelekwa kizuizini sauti itakwenda nami, na onyesho ni siku nne tu zimebaki.

Nikaiaga. Hilo ndilo jambo gumu zaidi nililowahi kufanya, na nimezaa watoto saba. Nikawafikiria wale watu wangu wa mtoni kwenye mawe yao, nikajua hawatakuja tena. Kisha nikamtazama Madamu nikamtakia mema kwa moyo wangu wote. Nikasema, "Nenda nayo. Imba mpaka watu wasahau njia ya kwao." Nikatema mara ya pili, mkono mmoja umeshikwa na serikali.

Nilisikia kama uzi mrefu unavutwa kutoka tumboni. Ukaisha. Cucu akasema, "Thaai," amani.

Madamu akakohoa. Halafu akamgeukia homgadi. "WACHA YEYE!" Kuku waliruka juu ya paa. "Yeye nabariki mimi!" Yule homgadi aliniachia, akapiga saluti, sijui alimpigia nani.

Kisha Madamu akaimba. Aliimba pale uani, kati ya maganda ya viazi, na wanawake wakatoka nyumba baada ya nyumba. Niamini, katika kijiji kile nilikuwa sijasikia mtu akicheka kwa sauti tangu kilipojengwa. Mmoja akapiga ngemi, wa pili akamjibu, na punde kijiji kizima kikawa kinapiga bila hesabu. Cucu alisimama akatikisa mabega kama msichana, kisu cha viazi bado mkononi. Homgadi alivua kofia akaishika kifuani mpaka mwisho. Mimi nilijaribu kupiga ngemi nami. Ilitoka bawaba. Nikacheka mpaka nikaketi chini.

Nairobi nilikwenda naye. Watu weusi hawakuruhusiwa kukaa kwenye ukumbi ule, kwa hiyo alisema mimi ndiye mvalishaji wake, nikasimama nyuma ya pazia na pini mdomoni. Alipotoka mbele na gauni la zambarau na kuvuta pumzi, mimi nikavuta pumzi. Alipoanza, koo langu likapata moto, moto mzuri, kama umemeza uji asubuhi ya baridi ya Julai. Lilikaa hivyo mpaka alipomaliza. Watu walisimama. Bwana wake, mikono safi kwa mara ya kwanza, alipiga makofi hadi saa ikamtoka mkononi. Na yule kiongozi wa okestra alikuja nyuma ya pazia akapiga goti.

Waliondoka mwaka huo huo. Mimi niliolewa Thika nikauza ndizi sokoni. Na hapo ndipo utakaposema mzee huyu amechanganyikiwa. Nikiwa nahesabu ndizi au natandika kitanda, mara koo linapata moto, saa nzima, saa mbili, na mimi najua Madamu Tensia yuko jukwaani. Baadaye kadi yake inafika, nimeimba mji fulani, siku fulani, na siku ni ile ile. Alipozidi kuimba nilijua. Alipokuwa mkubwa kabisa nilijua, maana miaka hiyo sikuhitaji blanketi. Alipoanza kufundisha wengine moto ukawa wa dakika tu, wa kuwaonyesha wanafunzi. Mwishowe ukatulia.

Halafu mjukuu wangu akanisomea barua kutoka kwa mpwa wa Madamu. Madamu amefariki akiwa mzee, kitandani kwake. Nililia. Sikwenda sokoni siku tatu.

Jumapili iliyofuata, nikiwa nimekaa nje nachambua maharagwe, koo langu likapata moto. Haukuwa ule wa dakika. Ulikuwa mkubwa kuliko ule wa Nairobi, mkubwa kuliko wote, na haukwisha mpaka jua likazama. Tangu hapo unakuja karibu kila wiki. Huko alikokwenda sikujui, lakini wamempa kazi, na ukumbi si mdogo.

Kwa hiyo nakuonya. Ukikuta kikombe cha mtu kinavuma, kiache hapo hapo, hata kama kina asali. Na siku ukinikuta nimenyamaza katikati ya maneno, mkono uko shingoni, usiniulize naumwa wapi wala usiniletee maji. Vuta kiti ukae, na usikohoe.