Kanda Niliyoificha Kwenye Kava ya Injili

Krrr. Krrr. Krrr.

Stima zilikuwa zimepotea ploti nzima. Saa moja na nusu jioni, mimi nimepiga magoti kwenye kona ya jiko, natafuta mshumaa kwa vidole. Kuna kitu kilikuwa kinaburutwa kwenye simiti. Kinatulia. Kinaendelea.

Nikajua tu ni panya.

Nikawasha kiberiti.

Hakuwa panya. Alikuwa Vivian, binti yangu wa miaka minne, ameegemeza tumbo kwenye stuli ya baba yake, anaisukuma kuelekea mlangoni.

"Vivi, unafanya nini?"

"Nafunga. Kukhu asiingie."

"Kwa nini asiingie?"

"Atatoa moyo yangu akule."

Kukhu ni nyanya kwa lugha yetu, sisi Wabukusu. Na Kukhu mwenyewe, mama mzazi wa mume wangu, alikuwa ametoka kwenda kuosha miguu kwenye mfereji. Nilipoinua macho nikaona miguu imesimama pale kwenye uwazi wa chini ya mlango. Alikuwa amerudi. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Nangila," akaniita polepole. "Nifungulie, mama. Miguu inashika baridi."

Nilipofungua, Vivian alipiga nduru. Si kilio, ni nduru. Majirani wakatoka na mishumaa. Hapo Kayole kuta zilikuwa nyembamba hadi ukipiga chafya unaambiwa pole kutoka nyumba ya tatu.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Usiku ule mzima nilikuwa najua kwa nini mtoto wangu anamwogopa bibi yake, na sikumwambia mtu.

Ngoja nieleze.

Mume wangu, Patrobas, alikuwa akifanya kazi kiwanda cha sabuni huko Baba Dogo, shifti ya jioni. Mtu mpole, mtu wa kanisa, lakini kwa mambo ya televisheni alikuwa na sheria zake. Habari, wanyama wa porini, injili. Zile drama za Wamexico zilizokuwa zikiwafanya wanawake wa Kayole waunguze sukuma wiki, hataki. Filamu za mapenzi, hataki. Tulipopata deki ya mitumba, aliiombea kwanza kabla ya kuichomeka.

Mimi nilikuwa nasoma masomo ya jioni, siku tatu kwa wiki, nikijitayarisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kibinafsi. Mwalimu wetu alituambia tusikilize Kiingereza popote kinapozungumzwa. Hicho ndicho kilikuwa kisingizio changu. Nikakishika kwa mikono miwili.

Karibu na steji ya matatu kulikuwa na duka la kukodisha kanda, la jamaa mmoja mcheshi anayeitwa Samatar.

Samatar alikuwa na maarifa yake. Ukichagua filamu ambayo mzee wa nyumba hataipenda, anakutazama hivi, anainama chini ya kaunta, anatoa kava ya mkutano wa injili, anaifunga humo.

"Mama Vivian, leo nikufungie kwa hema ama kwa kwaya?"

"Kwa hema. Ya kwaya ilirudi juzi, atashangaa."

"Umeokoka kabisa, wewe," ananiambia, na tunacheka.

Basi siku za nyumbani, Patrobas akitoka kwenda kazini, mimi naweka kanda. Vivian ananilalia mapajani. Nikimwangalia macho yamefungwa, najiambia amelala.

Hakuwa amelala.

Wiki moja kabla ya Kukhu kuja, Samatar alinipa filamu mpya kutoka Afrika Magharibi. Ilikuwa ya bibi mzee mchawi, anakuja mjini kutembelea watoto wa mwanawe, halafu anawatoa mioyo mmoja mmoja. Jicho lake moja lilikuwa jeupe kama maziwa. Kila akitaka kumla mtu, kamera inaingia kwenye jicho lile, ngoma inalia.

Na Kukhu alipofika kutoka kijijini Chwele, na njugu zake na unga wake wa wimbi, alikuja kwa sababu ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho. Jeupe kama maziwa.

Alikuwa amengoja miezi minane kupata tarehe ya upasuaji. Jumanne ya wiki iliyofuata, saa mbili asubuhi. Daktari alikuwa amesema akikosa tarehe hiyo atarudi mwisho wa foleni, na jicho la pili lilikuwa limeanza kufifia.

Asubuhi baada ya ile nduru, Patrobas akaniuliza, "Huyu mtoto ameona nini?"

Nilikuwa nakoroga uji. Sikugeuka.

"Sijui. Labda ni homa."

Rahisi hivyo. Maneno manne.

Halafu nikachukua ile kanda nikaizika kwenye debe la unga.

Kufikia Alhamisi ploti nzima ilikuwa na habari. Vivian alikuwa hali chakula kilichopikwa na Kukhu. Akimwona anajificha nyuma ya pazia. Watoto wa ploti wakaanza kukimbia Kukhu akienda chooni, "Jicho! Jicho!", wanacheka na kuogopa kwa pamoja.

Ndipo akaja Dada Lenah, kiongozi wa akina mama wa maombi, mwanamke wa kifua na sauti. Akaketi, akakunja leso.

"Baba Vivian, nisamehe nikiuliza. Hii televisheni yenu, mtoto haoni vitu vibaya huko?"

Patrobas karibu akasirike. Akafungua kabati. "Dada, angalia mwenyewe. Injili. Injili. Kwaya. Simba na swara. Hapa kwangu takataka haiingii."

Lenah akazitazama zile kava, moja baada ya nyingine. Moja akaigeuza mara mbili kabla ya kuirudisha. Halafu akasema, "Basi kama mtoto hakuona kwa TV, ameona kwa macho yake."

Hakuna aliyemtazama Kukhu. Ndivyo nilivyojua kwamba wote wanamfikiria yeye.

Nilikuwa nimeshika birika. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningesema tu, "Ni mimi." Badala yake nikauliza, "Dada Lenah, nikuongeze chai?"

Uongo wangu haukukaa pale chini ya unga. Ulisimama ukatoa ushahidi dhidi ya mama wa watu.

Jumamosi mchana wakaja kuombea nyumba. Akina mama tisa, mafuta kwenye chupa ya soda, wakapaka kila kona, hadi kwenye waya wa antena. Mmoja akasema, kwa heshima kabisa, "Labda mama akae nje kidogo, tukimaliza ataingia."

Kukhu akainuka. Akachukua kikoi chake, akaenda kuketi chini ya kamba za nguo, kwenye jua, akiwa ameziba jicho lake kwa kitambaa kwa sababu mwanga ulikuwa unaliuma.

Wakaimba.

Nikaimba nao. Sauti ya pili.

Kupitia dirishani nilikuwa namwona. Mtoto mmoja akamrushia ganda la ndizi. Akaliokota, akaliweka kando vizuri, kama mtu anayetandika.

Maombi yalipokwisha Patrobas aliniita pembeni. Macho yalikuwa mekundu.

"Nimeamua Mama arudi nyumbani kesho na basi la asubuhi. Mpaka mambo yatulie."

"Na upasuaji? Jumanne?"

"Nangila, ni mtoto wangu na ni mama yangu. Unataka nifanye nini?"

Akina mama walikuwa wametawanyika, amebaki Lenah anamalizia chai. Vivian alikuwa nje akicheza. Kukhu aliingia, akaanza kukunja nguo zake. Nguo tatu. Alikuwa anazipapasa kutafuta upande wa ndani na wa nje, kwa sababu hakuwa akiona vizuri.

Hapo nikashindwa.

Nikaenda kwenye debe. Nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Nikatoa kanda nikaipangusa na kanga, unga ukanimwagikia miguuni. Nikaiweka kwenye deki.

"Mama Vivian, hiyo ni nini?" Patrobas akauliza.

"Ni injili ninayotazama ukiwa kazini."

Picha ikatetemeka, ikatulia. Bibi mzee mlangoni. Kamera ikaingia kwenye jicho. Ngoma.

Patrobas akasimama. Akatazama televisheni. Akamtazama mama yake. Akanitazama mimi. Sijawahi kuona mtu akielewa jambo polepole hivyo.

"Vivian aliona hii?"

"Alikuwa mapajani mwangu. Nilidhani amelala."

"Na uliniambia ni homa."

"Ndiyo."

"Na leo umeimba."

"Ndiyo."

Kanda iliendelea kucheza. Yule bibi alikuwa anamsogelea mtoto kitandani na kisu.

"Hapo hamuui," Lenah akasema. "Hapo mkwe wake anaamka, anamshika mkon..."

Akajiziba mdomo na leso.

Sote tukageuka.

"Dada Lenah?" Patrobas akasema.

Mwanamke yule, niliyekuwa nikimwogopa kuliko pasta, akatazama sakafu. "Samatar alinifungia kwa ile ya kwaya," akasema kwa sauti ndogo. "Juzi nilipoona kava zenu nilijua. Nikafikiri, nikisema, nitaulizwa nimejuaje."

Kumbe tulikuwa wawili. Huenda tulikuwa tisa. Tulizunguka nyumba na mafuta, kila mmoja akingoja mwenzake aanze.

Nikapiga magoti mbele ya Kukhu. "Mama, nisamehe. Ni mimi niliyekuletea haya yote."

Aliendelea kukunja nguo.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Ile jioni ya kwanza, ulipotoka kurudisha mshumaa wa jirani, nilimuuliza mtoto akiwa nyuma ya pazia. Akaniambia, 'Nilikuona kwa TV na Mama, ukila moyo.' Mtoto wa miaka minne hana haja ya kudanganya."

"Mama! Mbona hukusema?" Patrobas karibu alie.

"Ningesema, ungemrudisha mkeo kwao. Nakujua, ni mimi niliyekuzaa." Akanishika kidevu, akaniinua uso, akanitazama na lile jicho lililobaki. "Nilingoja aseme mwenyewe. Kila asubuhi nilisema, labda leo. Lakini leo kule juani, Nangila, nilichoka kidogo."

Angenipiga kofi ningelala vizuri usiku ule.

Patrobas hakuniongelesha siku nne. Lakini dakika ileile alichukua begi la mama yake akalirudisha chumbani. Na Lenah, nampa haki yake, alitoka akasimama katikati ya ploti, akaita akina mama kwa majina, akawaambia yote, pamoja na yake. Kulikuwa na kicheko kimoja, halafu mmoja mmoja wakarudi ndani.

Jumanne nilimpeleka Kukhu hospitalini mwenyewe. Nilikosa darasa siku tatu na sikujali.

Watu huuliza filamu gani ni mbaya kwa mtoto. Mimi nawaambia swali langu huwa lingine: ni gani unayoitazama ukiwa tayari umeandaa uongo wake? Hiyo irudishe dukani. Mimi nilichagua raha ya saa moja na nusu, na bili ikaletewa mama mzee asiyekuwa hata chumbani. Kama kuna mtu anaumizwa sasa hivi kwa kitu unachojua wewe peke yako, usimwongeze chai anayemtuhumu. Sema leo. Mimi nilichelewa siku tano, na zile siku tano bado ninazo.

Ijumaa bandeji zilitolewa. Jioni hiyo Kukhu aliketi kwenye kochi, akipepesa jicho jipya, analishangaa hata pazia.

"Leo nachagua mimi," akasema. "Weka kitu cha kuchekesha. Kelele za ngoma nimechoka nazo."

Patrobas akazungusha kile kidude cha stesheni hadi akapata kichekesho cha Kiswahili, mzee mmoja anagombana na mbuzi. Kukhu akacheka hadi akashika mbavu. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

Pazia la chumbani likasogea. Vivian akatoa kichwa. Akatazama televisheni. Akamtazama Kukhu, usoni, muda mrefu.

Akaja hadi kwenye kochi na blanketi lake.

"Kukhu, songa nikae."