Pilau ya bure njia panda ya Mtoni, na hakuna aliyeigusa

Wakuu, salaam kwenu.

Mkono wangu ni mzito kwenye simu, lakini ninayoandika niliyaona mwenyewe. Nisilolijua nitasema silijui.

Ijumaa moja asubuhi, enzi za Mwingereza, niliweka sinia zima la pilau njia panda ya Mtoni nikawakaribisha wapita njia wale bure.

Mpaka jua la utosini hakuna aliyechota hata tonge. Watu walikuwa wanaiacha barabara, wanapita majanini, ndipo wanarudi njiani mbele.

Ngoja nirudi nyuma.

Nilikuwa mwanamke kijana, nimeachika. Kaka yangu aliyekuwa Kisarawe alishanitafutia mume mwingine, mzee ambaye hata sauti yake sikuipenda. Akanipa muda: Ramadhani ikiandama sina kazi ya kujitegemea, nirudi nikaolewe.

Nikaungana na shoga yangu Zuhura (shoga kwa maana ya kizamani, wajukuu, msianze) tuwe tunapika kwenye shughuli. Harusi, hitima, arobaini.

Kupika tulijua. Ishu ilikuwa kujulikana.

Shughuli zote za Mtoni zilikuwa mikononi mwa Bi Mosi, mpishi mtu mzima. Mpiga mbiu naye alitaka ujira tusioumudu. Tukakubaliana tuwaonjeshe watu, wakipata harusi watukumbuke. Leo mngesema promo.

Basi siku hiyo, mpagazi mmoja wa bandarini nilipomkaribisha, akanijibu akiwa mbali:

"Dada, balaa lenu kaeni nalo wenyewe. Mie nina watoto."

Hapo ndipo nilipoelewa. Chakula cha bure, asubuhi, njia panda, hakuna msiba wala sherehe: hiyo ni kafara. Mwenye mkosi anautoa, na atakayekula anaondoka nao. Kafara nilikuwa naijua, ila niliyoizoea kwetu ni ya kuku na nazi. Pilau haikunijia akilini.

Tulipofunika sinia kwa kawa, Zuhura akasema, "Tuache tu, shoga. Jina limeshaharibika."

Alisema haraka mno. Nikaliweka moyoni.

Kesho yake nikarudi palepale na pilau mpya. Safari hii nikaipa bei: senti tano, ile yenye tundu. Na nikakaa nikaanza kula mwenyewe, kwenye sinia lilelile, kila mtu ananiona.

Yule mpagazi akasimama.

"Leo mnauza?"

"Tunauza."

"Kwa hiyo ya jana ndiyo ilikuwa kafara, hii ndiyo chakula?"

"Ya jana ilikuwa ujinga wangu, kaka. Kula, ukiumwa nifuate."

Akacheka, akatoa senti yake. Akala amesimama, akalamba vidole, kisha akawapigia kelele wenzake: "Njooni nyie! Balaa lenyewe tamu!"

Sinia likaisha. Haukupita muda tukapata oda ya harusi, halafu hitima. Ramadhani ikaandama niko Mtoni, na yule mzee akaoa kwingine.

Lakini kuna jambo lilinikera. Ile Ijumaa, waliotokea mbali walikuwa wameanza kupita majanini hata kabla hawajaliona sinia.

Nikaanza kuuliza. Muuza kahawa akasema alisikia kwa wanawake bombani. Wanawake wa bombani wakasema walisikia kwa Bi Mosi.

Nikaenda kwake.

"Shikamoo, Bi Mosi."

"Marahaba. Umekuja kunigombeza? Nimesema, ndiyo. Niliwaambia watu wasile. Ungeletewa habari kama ile na wewe ungesema."

"Uliletewa na nani?"

"Nililetewa Alhamisi jioni, nimekaa kibarazani hapa. Aliyeileta mwache."

"Bi Mosi, nitajie tu."

"Kapike, mwanangu. Ukijua yote utapika na nani?"

Nikarudi nyumbani. Zuhura alikuwa anachambua mchele, akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia, kwa Bi Mosi. Akaendelea kuchambua.

Nilichojifunza, hasa kwa nyie mnaoanza biashara ya chakula mfukoni hamna kitu: usigawe bure mahali usipojulikana. Watu hawali kitu ambacho hawajui kwa nini wanapewa. Weka bei, hata iwe ndogo vipi, na ule wa kwanza, wakuone.

Haya, nawasikiliza. Ingekuwa nyie mngemuuliza, au mngenyamaza mpike?

Maana Alhamisi ile, habari ya sinia tulikuwa tunaijua watu wawili tu, mie na Zuhura. Tumepika pamoja mpaka magoti yakatukatalia. Sijamuuliza. Na yeye, mpaka leo, hajawahi kuniuliza Bi Mosi aliniambia nini.