Mama yangu alifagia bahati ya mwenye nyumba asubuhi ya mwaka mpya wa Kichina

Wakuu wa jukwaa, salaam kutoka Guangzhou.

Kisa hiki ni changu mwenyewe na sijatia chumvi. Mke wangu yuko hapa pembeni ananichungulia, nikidanganya atanirukia.

Mimi ni mtu wa Unguja. Nanunua midoli na vifaa vya shule kwenye maduka ya jumla mtaa wa Yide Lu, napakia kontena kwenda nyumbani. Kila mwaka mpya wa Kichina maduka yakifungwa napanda ndege, kwa hiyo sikukuu yao sijawahi kuiona.

Mwaka huu nilibaki. Mke wangu alikuwa ametoka kujifungua, na Mama akaja kumlea.

Presha yangu ilikuwa mkataba wa nyumba. Ulikuwa unaisha, na mwenye nyumba, bibi anayeishi chini yetu tunayemwita Ayi kwa heshima, alisema atanijibu baada ya sikukuu. Kutafuta nyumba nyingine huku mtaani kwetu Xiaobei ukiwa mgeni mwenye kichanga, anayejua anajua.

Asubuhi ya mwaka mpya nikasikia kelele ngazini.

"Bu xing! Bu xing!"

Aliyewahi kuomba punguzo sokoni huku analijua hilo neno. Haiwezekani!

Nikashuka mbio. Mama kashika ufagio wake wa chelewa aliokuja nao kutoka nyumbani. Kafagia kwetu, kafagia ngazi zote, anasukuma taka barabarani. Ayi kashika kichwa.

"Kwani kosa langu nini, mwanangu?" Mama akaniuliza. "Mwezi ukiandama kesho tunafunga. Nyumba iingie Ramadhani na taka?"

Kichina changu ni cha bei tu, nikatoa simu itafsiri.

Kumbe siku hiyo hawafagii, bahati inatoka na taka. Ayi akasimulia: zamani mfanyabiashara mmoja alipewa mjakazi na mungu wa ziwa, na kila alichotamani kikaja. Asubuhi ya mwaka mpya binti akachelewa kuamka, tajiri akamchapa. Binti akakimbilia kwenye rundo la taka, akapotelea humo humo. Biashara ikafa.

Yaani mfanyabiashara mwenzetu kabisa!

"Ala!" Mama akasema. "Mbona na sisi usiku hatutoi taka nje? Tunaziweka pembeni mpaka kuche."

Ayi hakucheka. Akaamuru taka zote zirudi ndani kwetu, zikae mpaka siku ya tano ya mwaka wao. Tukazoa maganda ya karanga na vikaratasi vyekundu vya sikukuu, Mama akafagia kurudi juu. Kufagia ngazi kwa kupanda, jaribuni muone.

Siku zilizofuata Ayi hakunisemesha. Nikaanza kuulizia vyumba, kila dalali ananizungusha. Usiku namtazama mwanangu kalala, nahesabu siku za mkataba zilizobaki.

Ramadhani ikatukuta na rundo nyuma ya mlango. Mama asiyevumilia hata punje ya wali sakafuni! Akatoa kanga mpya, akalifunika.

"Lisinitazame nikiswali," akasema.

Siku ya tano Ayi akapanda. Akaliona rundo, akauliza nani kalifunika. Nikamwonyesha Mama.

Ayi akamshika Mama mikono, macho yamemjaa machozi. Akasema wanawe wenyewe wanamcheka na mila zake, na huyu mgeni kaivisha bahati yake nguo mpya.

Kisha wakazitoa taka pamoja kwa gunia, mmoja kashika huku mwingine kule.

Jioni yake mkataba ulisainiwa. Nilikaa ngazini nikalia kwa raha, wakuu, sioni haya kusema.

Nilichojifunza: ukiwa ugenini, uliza mila za watu kabla hujashika ufagio. Na mzazi akija, mwambie mapema.

Sasa nisaidieni. Ukweli wa ile kanga, kwamba Mama alikuwa anaficha taka tu, nimweleze Ayi? Mke wangu anasema nifunge mdomo. Mama yeye amekwenda kununua kitambaa, anataka kumshonea Ayi gauni, anasema hata akiambiwa leo, wao wameshakuwa ndugu.

Mngekuwa ninyi mngefanyaje?