Ng'ombe wa Marehemu

Miaka ile magazeti ya hadithi yalipozagaa mjini Moshi, niliandikia gazeti moja hadithi ya kila wiki, na kwenye karatasi nilikuwa muuaji hodari. Nilishaua mchumba, mwalimu na mapacha. Kila Jumamosi nilitoka chumbani kwangu mtaa wa Soweto, nikapanda mlimani hadi nyumbani Old Moshi kumsomea mama sehemu mpya huku akichambua kahawa barazani. Kusoma hakujua, ila kusikiliza alijua kuliko mhariri.

Siku moja nilimuua mhusika mkuu, mjane mwenye watoto watatu. Mhariri aliahidi kuniajiri moja kwa moja kama kifo hicho kingewaliza wasomaji. Nilisoma kwa sauti ya kutetemeka, kisha nikamtazama mama nione chozi. Aliendelea kutupa kahawa mbovu.

"Huyo mama si ulisema ana ng'ombe?"

"Ndiyo, anaye."

"Kesho yake nani alimkatia majani?"

Nikapekua karatasi zangu.

"Na wamemzika wapi? Kihambani, kwenye shamba la ukoo wa mumewe? Watoto wamelala kwa nani?"

"Mama, hadithi imeishia hapo."

"Basi hujamuua mtu, mwanangu. Umechoka naye, ukamtupa."

Nilikasirika, nikateremka mjini bila kumaliza chai. Jumapili nzima niliandika ili kumkomoa: nikaandika asubuhi ya baada ya mazishi, ng'ombe analia, mtoto mkubwa anatafuta panga. Nilipofika hapo nikaona wazi kwamba sikuwa na sababu yoyote ya kumuua yule mama, isipokuwa ajira yangu. Nikamfufua. Mhariri alinuna, na kazi akampa mwingine.

Mama alikufa miaka kadhaa baadaye. Tulimzika kihambani, kando ya migomba yake, na mbele ya watu wote sikutoa chozi hata moja. Nilijiona mtu mbaya kabisa.

Kesho yake asubuhi, wageni wa msiba wakiwa bado wamelala, ng'ombe wake akalia bandani. Nikachukua panga, nikaangusha mgomba, nikaukatakata vipande vidogo vidogo kama mama alivyonifundisha nikiwa mtoto. Nikamwekea. Hapo ndipo machozi yalipokuja, mengi, nikakaa chini kwenye majani na kusema kwa sauti, "Asante, mama. Nimemkatia mimi."